Nilipoambiwa nipunguze chumvi, kinu cha bibi ndicho kilichoniokoa

Sikwenda kupimwa presha. Nilikuwa napita zangu tu Ukunda, Jumamosi moja mchana, jua linachoma vibaya, natafuta kivuli na maji baridi. Nikaona hema jeupe na foleni fupi. Wahudumu wa afya walikuwa wanapima watu presha na sukari bila malipo. Rafiki yangu akanivuta mkono: "Twende bwana, ni bure." Na cha bure nani hukikataa?

Nina miaka 26. Kwangu mimi presha ilikuwa ugonjwa wa wazee, watu wanaotembea na mfuko wa vidonge na kulalamikia kelele za watoto. Nikakaa, nikanyoosha mkono, mashine ikabana, ikalegea. Muuguzi akatazama namba, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole: "Dada, pumzika dakika tano tupime tena."

Mara ya pili ikasoma 148 kwa 96.

Kama hujui namba hizi zinasema nini, ni hivi: ukipimwa siku tofauti na ukawa unapata 140 kwa 90 au zaidi, hiyo ni presha ya juu. Muuguzi hakunitisha. Alinieleza kwamba kipimo cha siku moja hakitoshi, niende kituo cha afya nikapimwe tena siku nyingine mbili tatu. Nilikwenda. Namba zilicheza palepale.

Daktari aliniuliza swali moja tu ambalo lilinimaliza: "Jana umekula nini?"

Nikaanza kuhesabu. Asubuhi chai na viazi karai vya pale stejini, na ukwaju, halafu nikaongezea chumvi juu. Mchana chipsi na soseji, chumvi tena. Jioni wali na maharagwe, nikayaunga kwa unga wa mchuzi wa paketi na kidonge cha supu, kisha nikatia chumvi "kidogo" kwa mazoea. Usiku krispi za viazi, simu mkononi.

Daktari alitabasamu. "Umejiona?"

Nilijiona.

Si wazee peke yao

Nilipoanza kuuliza na kusoma, niligundua kuwa siko peke yangu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba karibu asilimia 24 ya Wakenya wenye umri wa miaka 18 hadi 69 walikuwa na presha ya juu. Yaani chukua matatu yenye abiria kumi na wanne kutoka Likoni hadi Ukunda: watatu kati yao, hivi. Kinachotisha zaidi ni kwamba asilimia 56 ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa presha hata mara moja maishani.

Tatizo la presha ni kwamba haiumi. Unaamka, unakwenda kazini, unacheza mpira ufuoni, unapiga picha za Diani, na huku ndani mishipa inasukumwa kupita kiasi kila mpigo wa moyo. Siku inapojitokeza, mara nyingi imeshagusa moyo, figo au ubongo. Ndipo tunaposikia fulani "ameanguka", na upande mmoja wa mwili umekufa ganzi.

Chumvi inaingiaje hapo? Ndani ya chumvi kuna madini ya sodiamu, na sodiamu huvuta maji. Ukila chumvi nyingi, mwili hubakiza maji mengi kwenye damu, damu inaongezeka wingi, na moyo unalazimika kuisukuma kwa nguvu zaidi. Ni kama bomba lililofunguliwa maji kupita kiasi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa, tena ukihesabu kila kitu: ya sufuriani, ya mkate, ya soseji, ya krispi. Shirika hilo linasema wastani wa dunia nzima unakaribia gramu 11. Tunakula maradufu na hatujui, kwa sababu sehemu kubwa tumetiliwa tayari. Chukua paketi ya unga wa mchuzi au ya vidonge vya supu hapo jikoni kwako, ugeuze nyuma, usome viambato. Mara nyingi cha kwanza kwenye orodha ni chumvi.

Daktari akaamua tuanze na lishe na mazoezi, kisha tupime tena baada ya miezi mitatu kabla ya kuzungumzia dawa. "Punguza chumvi," akasema.

Ni rahisi kusema.

Siku nne za maharagwe ya maji

Nilirudi nyumbani na nia njema. Nikatupa vidonge vya supu. Nikachemsha maharagwe bila chumvi, nikachemsha sukuma wiki bila chumvi, nikala kama mtu anayetumikia kifungo. Siku ya kwanza nilijisifu. Siku ya pili nilinuna. Siku ya tatu nilikula nusu sahani. Siku ya nne jioni nilikuwa nimesimama kwenye kibanda cha chipsi, namwambia yule kijana, "Ongeza chumvi, kaka."

Hapo ndipo wengi wetu tunapofia. Tunaambiwa tutoe chumvi, hatuambiwi tuweke nini mahali pake. Na chakula kisicho na ladha hakuna anayekivumilia, hata kama ni dawa.

Mwisho wa wiki nilipanda matatu hadi Msambweni kumsalimia bibi mzaa mama. Nikamkuta uani, kigoda, mbuzi ya nazi na kinu mbele yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mbona umekonda uso?"

Nikampa stori yote: hema, mashine, daktari, maharagwe ya maji. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akanisogezea kinu. "Twanga," akasema.

Chumvi ni ya mwisho

Siku hiyo tulipika mbaazi za nazi, mtsunga (ule mchunga, mboga chungu ambayo Wadigo hatuichoki) na samaki wa kuchoma. Nimekula vyakula hivyo tangu nikiwa mtoto. Lakini sikuwahi kutazama vinavyopikwa, kwa sababu nilikuwa nasubiri kuitwa kula.

Bibi alianza na kikaango kikavu. Akatia mbegu za dania, bizari nyembamba ile ya pilau, na punje chache za pilipili manga. Hakuna mafuta. Akazigeuzageuza mpaka harufu ikajaa uani, akazimimina kinuni. "Zikiungua zimekuwa chungu, anza upya," akanionya. Nikazitwanga. Kando nikaponda kitunguu thomu na tangawizi mbichi.

Kitunguu maji alikikaanga polepole, kwa mafuta kijiko kimoja tu, mpaka kikawa rangi ya asali. Hiyo peke yake ilichukua muda ambao mimi hupika chakula kizima. Kisha thomu na tangawizi, kisha manjano, kisha nyanya zikaiva mpaka zikatoa mafuta. Mbaazi zilizochemshwa zikaingia na tui jepesi. Tui zito likaja mwisho, moto mdogo, bila kufunika, lisikatike. Akaonja. Akakamua ndimu. Akaonja tena.

Ndipo akachukua chumvi kwa ncha za vidole vitatu.

"Hiyo tu?" nikamuuliza.

"Chumvi ni ya mwisho. Nyinyi mnaanza nayo, ndiyo maana hamjui mmetia kiasi gani. Chakula kikipooza, kitie ndimu kwanza. Kikikataa ndimu, ndipo uombe chumvi."

Nilikula sahani mbili. Sikuiona ile chumvi iliyokosekana.

Je, wataalamu wanasemaje?

Sikutaka kubaki na maneno ya bibi peke yake, maana kila mtu ana bibi na kila bibi ana lake. Nikatafuta kama kuna aliyelipima jambo hili kisayansi. Yupo.

Mwaka 2015 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio la watu wazima 55. Kundi moja lilifundishwa, kwa wiki 20, kupika kwa viungo na majani ya kunukia ili kupunguza chumvi. Kundi jingine liliachwa lijipange lenyewe. Mwishoni, waliofundishwa walikuwa wanakula sodiamu pungufu kwa karibu miligramu 950 kwa siku kuliko wenzao. Ukiibadilisha kuwa chumvi ya mezani, hiyo ni karibu nusu kijiko cha chai kila siku. Tuseme ukweli pia: jaribio lilikuwa dogo, na fedha zilitoka kwa taasisi ya kampuni ya viungo ya McCormick. Lakini hesabu yake inaeleweka, na haikuhitaji kidonge chochote.

China nako, utafiti wa mwaka 2017 uliohusisha watu 606 ulionyesha kwamba wanaopenda sana pilipili walikula chumvi kidogo kuliko wasioipenda, na presha yao ilikuwa chini. Watafiti hao walitazama hata ubongo, wakaona kwamba ukali wa pilipili huamsha maeneo yaleyale yanayoamshwa na chumvi. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba pilipili ndiyo iliyoshusha presha. Ila unaonyesha njia: ulimi ukipata kitu cha kuushughulisha, hauililii chumvi sana.

Ndimu na ukwaju navyo hufanya kazi hiyohiyo. Uchachu huifanya chumvi kidogo ionekane nyingi ulimini. Na ulimi wenyewe hufundishika. Ukipunguza chumvi kwa wiki kadhaa mfululizo, kile ulichokiona kitamu zamani utakiona kama maji ya bahari. Mimi hayo yalinikuta: mwezi wa pili nilinunua chipsi palepale kwa yule kijana, nikashindwa kuzimaliza.

Kwa hivyo faida kubwa ya viungo, kwa maoni yangu, si ile tunayotumiana kwenye simu kila asubuhi. Viungo havikuponyi. Vinakuwezesha kula kwa furaha vyakula ambavyo vinakufaa, yaani mbaazi, kunde, maharagwe, mboga za majani na samaki, bila kuvizamisha kwenye chumvi na mafuta.

Faida nyingine ambazo si uvumi

Ziko nyingine ndogo ndogo zinazofaa kujulikana, hasa kwa akina dada.

Ile ndimu ya bibi juu ya mbaazi na mchicha inafanya kazi nyingine kimyakimya. Madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na nafaka za jamii ya kunde hayaingii mwilini kwa urahisi. Vitamini C iliyomo kwenye ndimu husaidia yaingie. Kama umewahi kuambiwa una upungufu wa damu, kamulia ndimu chakula chako kikiwa tayari kimeipuliwa, maana moto mwingi huiharibu vitamini hiyo.

Sasa habari mbaya kwa sisi wa mbaazi na mahamri: chai ya rangi huzuia chuma hichohicho. Sisemi uache chai, sitaki kesi na watu wa Pwani. Kunywa saa moja hivi kabla ya chakula au baada yake.

Tui la nazi kidogo kwenye mboga za majani nalo lina maana, kwa sababu vitamini A iliyofichika ndani ya majani hayo huhitaji mafuta kidogo ili mwili uipokee. Neno ni kidogo. Nazi ina mafuta yanayoweza kupandisha lehemu kwenye damu, kwa hivyo tui jepesi liwe la kila siku, tui zito liwe la mgeni.

Tangawizi ina ushahidi mzuri kwamba hutuliza kichefuchefu, wakiwemo wajawazito. Na wapenda mishkaki wasikie hili: nyama ikichomwa kwenye moto mkali hutengeneza kemikali zinazohusishwa na saratani. Majaribio yameonyesha kwamba kuilaza nyama kwenye thomu, tangawizi, ndimu na majani ya kunukia kabla ya kuichoma hupunguza kemikali hizo. Walioanzisha desturi ya kulaza mishkaki usiku kucha walikuwa wanatafuta ladha. Wakapata zaidi ya ladha.

Pale video zinapotudanganya

Sasa tuzungumze kikubwa. Ukifungua TikTok ukaandika "manjano", utaambiwa yanatibu saratani, yanasafisha ini, yanayeyusha kitambi. Ukweli ni kwamba kiini cha manjano, kurkumini, hakiingii vizuri mwilini. Kingi hupita na kutoka. Mwaka 1998 watafiti wa India walionyesha kwamba kikichanganywa na kiini cha pilipili manga, kiwango chake kwenye damu hupanda mara nyingi sana. Hilo ni jambo zuri kulijua, na mchanganyiko huo tayari uko kwenye mchuzi wa bibi. Lakini kuingia kwenye damu si sawa na kutibu saratani. Na wale wanaomeza vidonge vya manjano vya dozi kubwa wajue kuwa madaktari nchini Marekani na Italia wameripoti watu walioumia ini kwa vidonge hivyo. Kijiko kwenye mchuzi hakijawahi kuwa shida. Kidonge kilichokolezwa ni kitu kingine.

Mdalasini nao una pande mbili. Ule mgumu, mnene, unaouzwa zaidi madukani ni wa aina ya kasia, na una kemikali iitwayo kumarini ambayo ikizidi inaweza kuudhi ini. Kijiti kimoja kwenye pilau la familia hakina neno. Vijiko vya unga wake kila asubuhi "kukata sukari" ni mchezo mwingine.

Kitunguu thomu kimeonekana kushusha presha kidogo kwa baadhi ya watu wenye presha ya juu. Kidogo. Na kama unatumia dawa za kuyeyusha damu, thomu nyingi za kumeza kama dawa zinaweza kukutoa damu. Mwambie daktari wako.

Naandika haya kwa sababu ya baba yangu mdogo. Ana sukari. Mwaka juzi mtu alimtumia video, naye akaacha vidonge vyake na kuanza kunywa maji ya mdalasini asubuhi na jioni. Alijisikia fiti. Alituambia sote tunafanywa wajinga na wenye maduka ya dawa. Baada ya miezi miwili, kidonda kidogo cha kidole cha mguu, cha kujikwaa tu, kikakataa kupona. Tulimpeleka hospitali usiku, sukari iko juu mno. Alipona, lakini kidole hakikupona. Leo anakunywa chai yake ya mdalasini kama kawaida, na vidonge vyake anavimeza mbele ya mke wake.

Sisi watu wa Kwale hatukupaswa kuchanganya mambo haya. Ukienda Kaya Kinondo, hapo karibu na Diani, ule msitu mtakatifu ambao ni miongoni mwa Kaya za Wamijikenda zilizoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, utaonyeshwa miti ya dawa, na utaona kwamba haichezewi. Kila mti una kazi yake na mjuzi wake. Wazee wetu walijua mboga ni mboga na dawa ni dawa. Sisi wenye intaneti ndio tunaoanza kusahau.

Nunua nzima, twanga mwenyewe

Kuna sababu nyingine ya kukirudia kinu, na hii haina uhusiano na mapenzi ya zamani. Viungo vilivyosagwa ni rahisi kuchakachua.

Huko Bangladesh, watafiti walioshirikiana na Chuo Kikuu cha Stanford walieleza mwaka 2019 jinsi manjano yalivyokuwa yakipakwa rangi ya viwandani yenye madini ya risasi ili yang'ae. Risasi huharibu ubongo, hasa wa watoto. Sampuli za sokoni zilizokutwa na risasi zilikuwa asilimia 47 mwaka huo. Serikali ikachachamaa, wauzaji wakatozwa faini, wananchi wakaelimishwa, na kufikia 2021 zikawa sufuri. Marekani nayo, mwishoni mwa 2023, watoto wengi walikutwa na risasi mwilini baada ya kula tufaha za kupondwa zilizotiwa unga wa mdalasini uliochafuliwa.

Wala si lazima uogope kila kijiko. Nunua viungo vizima kila unapoweza. Mbegu ya dania, punje ya pilipili manga, kijiti cha mdalasini na kipande cha manjano makavu unaviona kwa macho yako. Ukivuka Likoni, soko la Marikiti kule Mombasa, jengo lililosimama tangu 1914, limejaa wauzaji watakaokupimia kiasi cha mfuko wako. Hata Ukunda utavipata vingi. Ukinunua vya kusagwa, tafuta pakiti yenye alama ya ubora ya KEBS. Viweke kwenye chupa kavu yenye mfuniko mzuri, mbali na jiko na jua, kwa sababu hewa yetu ya bahari ina unyevu na viungo vikipata unyevu huota ukungu. Vikinuka uvundo, tupa. Usihurumie shilingi hamsini ukaumiza ini.

Una bedsita na meko? Anzia hapa

Najua unachowaza: "Mimi sina kinu, sina uani, sina bibi Msambweni." Hata mimi hapa Ukunda nina chumba kimoja na meko ya gesi. Kinu changu ni kidogo cha mezani. Kabla sijakinunua nilitumia chupa ya soda kupondea.

Jumapili jioni mimi huponda thomu na tangawizi za wiki nzima, nikachanganya na mafuta kidogo na kuweka kwenye friji. Ukikosa friji, ponda za siku hiyo tu, kwa sababu thomu ndani ya mafuta ikikaa nje inaweza kuzaa sumu. Hata kwenye friji zisizidi siku chache. Zikibaki, zigandishe.

Kisha nakaanga bila mafuta vijiko vinne vya mbegu za dania, viwili vya bizari nyembamba na kimoja cha pilipili manga. Nikishatwanga naongeza kijiko kimoja cha manjano. Hiyo ndiyo paketi yangu ya mchuzi. Haina hata punje ya chumvi, kwa hivyo chumvi nitakayotia mimi naijua.

Ndimu hazikosekani. Dania mbichi, au kotmiri kama anavyoiita bibi, naimwagia juu ya chakula mwisho kabisa. Chumvi nimeiondoa mezani nikaiweka kabati la juu, mahali ambapo lazima nivute kigoda. Uvivu wangu umenisaidia kuliko nidhamu yangu.

Usijaribu kuacha chumvi kwa siku moja kama nilivyofanya. Punguza robo wiki hii, robo nyingine baada ya wiki mbili. Ulimi hautajua kilichotokea.

Namba za pili

Miezi mitatu ilipotimia nilirudi kwa daktari. Nilikuwa pia nimeanza kutembea jioni kwenye mchanga wa Diani, na soseji nimezipa talaka. Mashine ikabana, ikalegea. 131 kwa 84. Daktari akasema tumeelekea pazuri, dawa tusubiri, lakini niendelee kupimwa. Sijui ni chumvi, ni kutembea au ni soseji. Pengine ni vyote.

Nikafunga safari hadi Msambweni kumpa bibi habari. Alifurahi, akapiga kigelegele kifupi. Ndipo nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza tangu siku ile ya kwanza.

"Na wewe bibi, umepimwa lini?"

Akanitazama kama nimemtukana. "Mimi? Nina nini mimi?"

Ilinichukua siku mbili za kumbembeleza. Tulikwenda pamoja, yeye na leso zake mpya, akinung'unika njia nzima. Ilisoma 168 kwa 98. Walipomuuliza anakula nini, alitaja mbaazi, mtsunga, ndimu na viungo vyake vyote kwa fahari. Kisha, kwa sauti ya chini kidogo, akataja ng'onda. Samaki wa chumvi, kila jioni, kipande kimoja, tangu ujana wake.

Siku hizi ng'onda ni wa Ijumaa tu, na analazwa majini usiku kucha na maji yanamwagwa. Kila asubuhi bibi anameza kidonge kimoja kwa chai ya tangawizi, kisha anashika mchi wake. Nami kila mwisho wa mwezi humpitia, tukaenda kupimwa sote wawili.

Wewe je, umepimwa lini?